Mjue mbwa kwanza: maneno niliyowaambia volontia wapya, Malindi

Asalaam aleikum jamani, na wale wa bwana asifiwe karibuni pia, kaeni tu hata hapo mkekani, viti vimeisha. Nimepewa dakika ishirini niwaeleze kwa nini sisi tukienda kuwasaidia vijana wa unga, yaani heroini, tunaanza na mbwa.

Mimi nilianza na chakula. Tulikua tunakusanya pilau inayobaki kwa maharusi tunatia mifukoni tunawapelekea vijana wanaolala nyuma ya soko la zamani. Siku ya kwanza kabisa akaja mmoja na mbwa wake, mwekundu, sikio moja limekatika, mimi kwa ujuaji wangu nikaokota jiwe, "toka we!" Yule kijana hata hakunitukana. Aliweka mfuko wa pilau chini pole pole akamwita mbwa wakaenda zao, wiki tatu hatukumuona, na huyo ndio tulikua tunamtafuta manake alishasema anataka kuingia methadoni, ile dawa ya hospitali inayochukua nafasi ya unga.

Mbwa anaitwa Kaskazi. Jina la mwenyewe nalihifadhi.

Sasa hiyo methadoni. Hapa Malindi iko hospitalini tangu 2015, miezi michache tu baada ya ile ya kwanza ya nchi kuanza Mathari, Nairobi, mwisho wa 2014. Ni dawa ya maji, unainywa mbele ya muuguzi, inakushika siku nzima arosto, yale mateso ya kukosa unga, haiji. Mshaiona arosto? Jua la saa saba mtu kavaa jaketi, anapiga miayo, makamasi yanachuruzika, vinyweleo vimesimama kama kuku aliyenyonyolewa. Kikombe kimoja kinayaondoa hayo yote, ila ni kila siku, Idi hadi Krismasi, ukikosa siku kadhaa mfululizo dozi inashushwa unapandishwa upya. Na mtu analala nje, mbwa atamwachia nani? Akimfunga nguzoni akirudi anakuta kapigwa mawe au kalishwa sumu. Basi anasema ntaenda kesho, na kesho, sisi tunasema hana nia huyo, teja tu. (Kule kliniki wanamuita mteja, huku mtaani teja, herufi moja imedondoka na heshima yote imeenda nayo.)

Yule kijana alipoonekana tena tukampatia rihabu, nyumba ya kuachishia unga, siitaji jina. Wakasema mtu ndio, mbwa hapana. Akakaa, siku ya kumi akaruka ukuta, ati nani anampa Kaskazi maji.

Na hapo ndipo palipo na hatari wengi hawaijui. Siku kumi bila unga mwili ushapoa, haubebi tena kile ulichokua unabeba, yeye karudia kipimo kile kile tena juu yake akameza na bugizi, vile vidonge vya kulewesha. Tukapigiwa simu saa tano usiku. Tumefika kalala chali, midomo imegeuka rangi, anakoroma mkoromo mzito wa kukatika katika, ule si usingizi jamani, mkiusikia kimbieni. Mwenzetu ana naloksoni mkononi, dawa ya kumzindua aliyezidiwa na unga, sindano tayari, na Kaskazi kasimama juu ya kifua cha bwana wake meno nje. Hatusogei. Watu wazima wanne tunaangalia mtu anakufa, mmoja anatafuta rungu.

Aliyetuokoa ni mama wa samaki wa kukaanga pale kona. Alikua akimtupia vichwa vya samaki kila jioni, akamwita tu, "Kasi, njoo baba," na mbwa akashuka. Sindano ya paja, tukampulizia pumzi, baada ya dakika chache akavuta hewa. Hata hivyo tulimpeleka hospitali vile vile, kwa sababu naloksoni inafanya kazi kama nusu saa hadi saa moja na nusu, unga unaweza kudumu kuliko hapo, mtu anaamka anakwambia niko poa halafu anazima tena.

Toka usiku ule sisi tukienda maskani tunaanza na mbwa. Tunajua majina yao, tunawapa mkono wanuse, asubuhi mmoja wetu anashika kamba nje ya geti la kliniki mwenyewe akiwa ndani. Ni kazi ya robo saa tu! Kaskazi kachanjwa kichaa cha mbwa, na tunawachanja wengine, manake wataalamu wanasema ukifikia mbwa saba kwa kila kumi kichaa kinakatika mtaani. Ukiumwa usione haya, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano kisha hospitali siku hiyo hiyo, si kupaka pilipili.

Naona mzee pale nyuma anakunja uso. Najua, najisi, mimi pia nimekaa chuoni, chuo cha Kurani, mate yake yanaoshwa mara saba moja kwa mchanga. Sawa mzee wangu, tutaosha, mchanga Malindi haujaisha. Lakini humo humo chuoni tulisomeshwa habari ya yule aliyeshuka kisimani akajaza kiatu chake maji akamnywesha mbwa mwenye kiu, Mola akamsamehe.

Kijana wetu saa hii yuko mwezi wa tano kwenye methadoni. Bado analala nje, nisiwadanganye, chumba hatujapata, wenye nyumba wakimuona mbwa wanaongeza bei au wanafunga mlango.

Basi kesho saa kumi na mbili na nusu asubuhi, geti la hospitali. Mje na kamba, si mnyororo, na kopo la maji. Anayeogopa mbwa aje tu, kuna binti ana paka wawili kwenye kikapu na hana wa kumshikia.