Nicodemus, Kansas: Kijiji cha Wakulima Kilichopitwa na Reli

Ndugu zangu watazamaji, hamjambo huko nyumbani. Maombi mengi mnayoniandikia ni ya kutaka kuona miji mikubwa, nami sina ugomvi na maghorofa, lakini leo nimewaleta magharibi mwa jimbo la Kansas, katika Kaunti ya Graham, mwendo wa gari wa zaidi ya saa nne kutoka Kansas City, ili mkione kijiji cha wakulima kinachoitwa Nicodemus. Mnachokiona nyuma yangu ndicho kijiji karibu chote: makanisa mawili ya zamani, ukumbi wa kata uliojengwa kwa mawe ya chokaa, shule iliyofungwa, nyumba iliyowahi kuwa hoteli na makazi machache. Baada ya hapo ni ngano na mtama mpaka upeo wa macho. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu hapa watu 14.

Kijiji hiki kilianzishwa mwaka 1877 na Wamarekani Weusi, wengi wao wakitoka Kentucky, ambako utumwa ulikoma kisheria Disemba 1865. Kwa hiyo, mara nyingi, mtu mzima aliyefika hapa akiwa na jembe mkononi alikuwa amezaliwa akiwa mali ya mtu mwingine, na alikuwa huru kwa miaka isiyozidi 12. Mwaka huohuo wa 1877 serikali ya shirikisho iliacha kuwatumia askari wake kulinda haki za Weusi katika majimbo ya Kusini, na wengi wakaona kwamba uhuru usio na ardhi ungewarudisha kwenye mashamba yaleyale ya mabwana wa zamani, safari hii wakiwa vibarua wenye madeni. Huku magharibi ardhi ilikuwapo, na sheria iliwaruhusu kuichukua: Sheria ya Homestead ya mwaka 1862 ilimpa raia ekari 160 kwa ada ndogo, kwa sharti kwamba aishi juu ya ardhi hiyo na kuilima kwa miaka mitano, kisha apewe hati. Ardhi hiyo, tusisahau, ilikuwa imetoka mikononi mwa wenyeji wa asili wa mbuga hizi, na jambo hilo ni vigumu kulikwepa unaposimama hapa.

Walioanzisha kampuni ya kijiji walikuwa Weusi sita na mzungu mmoja. Mzungu huyo aliitwa W. R. Hill, dalali wa viwanja aliyetoka Indiana. Rais wa kampuni alikuwa Mchungaji W. H. Smith, Mweusi. Walisambaza vipeperushi katika makanisa ya Weusi huko Kentucky wakisifu udongo, maji na hali ya hewa, na kwa sehemu walisema kweli, kwa maana udongo wa hapa una rutuba nzuri. Walichokiacha ni kwamba hapakuwa na miti ya kujengea, hapakuwa na duka, na hapakuwa na nyumba hata moja.

Septemba 1877 watu zaidi ya 300 walishuka kwenye treni katika mji wa Ellis na kutembea kwa miguu kama kilomita 55 hadi hapa. Baadhi yao walipoiona hali waligeuza. Waliobaki walichimba mashimo ubavuni mwa vilima, wakayaezeka kwa fito, nyasi na udongo, wakaingia humo na watoto wao. Yupo mwanamke aliyeitwa Willina Hickman, aliyefika majira ya kuchipua ya 1878 pamoja na mumewe mchungaji, ambaye alisimulia baadaye kwamba walipoambiwa wamekaribia alitazama huku na huku asione kijiji, akauliza Nicodemus iko wapi, naye mumewe akamwonyesha moshi uliokuwa ukitoka ardhini. Familia ziliishi chini ya ardhi kama wanyama wa mbugani. Alilia, na hakuficha kwamba alilia. Lakini alibaki, na akina mama wa namna yake ndio ninaowapa sifa ya kwanza kwa kila kilichofuata. Emma Williams alijifungua mtoto wa kwanza wa kijiji, Henry, mnamo Oktoba 1877, wiki chache tu baada ya kufika. Jenny Smith Fletcher alianza kufundisha watoto ndani ya shimo alimoishi.

Majira ya baridi ya kwanza yalikuwa ya njaa. Simulizi za kizazi kile zinasema kwamba Waosage, mojawapo ya makabila ya wenyeji wa asili, waliokuwa wakirudi kutoka mawindoni waliwagawia nyama, na kwamba bila nyama ile wengi wasingeiona masika. Wanaume walitembea mbali kutafuta vibarua kwenye reli, wakawaachia wake zao mashamba. Farasi walikuwa wachache mno, hivyo mbuga ambayo mizizi yake ilikuwa imesukana kwa karne nyingi ilipasuliwa kwa majembe ya mkono na sepetu.

Naomba nikae kidogo kwenye kilimo chenyewe, maana bila kukielewa hamtaelewa kwa nini watu 300 wakawa 14. Zao kuu la hapa ni ngano ya majira ya baridi. Inapandwa Septemba au Oktoba, inachipua, kisha inalala chini ya theluji miezi mingi, na ardhi inapopata joto inaamka na kukimbilia kukomaa, ikavunwa mwishoni mwa Juni au mwanzoni mwa Julai. Mbegu ngumu ya ngano ya namna hiyo ililetwa Kansas na Wamennonaiti, waumini wa dhehebu moja la Kikristo, kutoka Urusi mwaka 1874, miaka mitatu kabla ya Nicodemus kuanzishwa. Mvua ya hapa ni kidogo na haina ahadi. Ndiyo maana wakulima wengi wa ukanda huu hupanda ngano mwaka mmoja, mtama mwaka unaofuata, kisha huliacha shamba lipumzike miezi mingi ili udongo uhifadhi unyevu. Sehemu kubwa ya ardhi, kwa maneno mengine, inakuwa imelala wakati wowote ule. Ekari 160 zingemtajirisha mkulima wa Kentucky kwenye mvua nyingi, na nadhani hata ndugu zangu wa Mbeya wangezifurahia sana, lakini hapa zilitosha tu kumweka mtu hai katika miaka mizuri na kumfukuza katika miaka mibaya. Sheria ilipimwa na watu wa mashariki, waliozoea mvua.

Hata hivyo kijiji kilikua. Kufikia katikati ya miaka ya 1880 kilikuwa na maduka, hoteli, shule, makanisa na daktari, na mwaka 1886 likaanza kuchapwa gazeti la kwanza, *Western Cyclone*, likafuatiwa mwaka uliofuata na la pili, *Nicodemus Enterprise*. Edward McCabe, mwanasheria kijana aliyehamia hapa mwaka 1878, alichaguliwa mwaka 1882 kuwa Mkaguzi wa Hesabu wa jimbo zima la Kansas, kwa kura za watu ambao wengi wao walikuwa wazungu. Baadaye alikwenda Oklahoma akaanzisha mji mwingine wa Weusi, Langston.

Kisha ikaja habari ya reli. Mkulima wa ngano asiye na reli, katika zama zile, alikuwa na chakula bila soko, kwa sababu kusafirisha magunia kwa gari la farasi kilomita nyingi kulikula faida yote. Wanakijiji walilijua hilo kuliko mtu yeyote. Mwaka 1887 walipiga kura kutoa hati fungani za dola 16,000 ili kampuni ya Missouri Pacific ipitishe njia yake hapa. Fedha hizo zilikuwa nyingi kwa watu waliokuwa mashimoni miaka kumi kabla. Magazeti yao yalijaa matumaini. Missouri Pacific haikuja. Mwaka 1888 kampuni nyingine, Union Pacific, ilijenga njia yake kusini-magharibi, ng'ambo ya Mto Solomon, umbali wa kilomita chache tu kutoka hapa nilipo, na kituo chake kikawa mji wa Bogue. Wafanyabiashara walihamia kwenye reli, mmoja baada ya mwingine, wengine wakibeba hata majengo yao.

Wapo wanaosimulia kisa hiki kana kwamba kijiji kilikufa siku ile. Sikubaliani nao. Kilichokufa ni mji. Kijiji cha wakulima kiliendelea, kwa sababu wakulima walikuwa na hati za ardhi na hawakuwa na sababu ya kufuata maduka. Kanisa la Baptisti mnaloliona pale lilijengwa mwaka 1907, karibu miaka 20 baada ya reli kuwapita. Shule ile ni ya mwaka 1918. Watu waliokwishakata tamaa hawajengi shule. Pigo kubwa zaidi lilikuja miaka ya 1930, bei za mazao zilipoporomoka na ukame ukageuza mashamba kuwa dhoruba za vumbi. Na baada ya hapo zikaja mashine kubwa, ambazo zilimwezesha mtu mmoja kulima eneo lililowahi kulisha familia kumi. Posta ilifungwa mwaka 1953. Jambo hili halikuwapata Weusi pekee, kwani vijiji vya wazungu vilivyotuzunguka navyo vimepungukiwa watu. Ila kwa Weusi kulikuwa na mzigo wa ziada. Mwaka 1920 Marekani ilikuwa na wakulima Weusi zaidi ya 900,000. Leo hawafiki asilimia mbili ya wakulima wote wa nchi, na moja ya sababu ni kunyimwa au kucheleweshewa mikopo ya serikali, jambo lililofikishwa mahakamani na kumalizwa kwa makubaliano ya fidia mwaka 1999 katika kesi ya Pigford.

Sasa nije kwenye jambo lililonileta hapa hasa. Waliohama Nicodemus walikwenda Denver, Topeka, Kansas City na California, lakini wengi hawakuuza ardhi. Waliwakodisha majirani au jamaa waliobaki. Na kila mwaka, mwishoni mwa Julai, ukoo mzima hurudi. Sherehe hiyo ilianza kama Siku ya Ukombozi, ikiadhimishwa Agosti 1, tarehe ambayo Uingereza ilifuta utumwa katika visiwa vya Karibi mwaka 1834, na leo inaitwa Kurudi Nyumbani. Kijiji cha watu 14 hujaa mamia ya watu kwa siku tatu au nne: kuna gwaride, ibada, chakula, na watoto wanaotambulishwa kwa mashangazi ambao hawajapata kuwaona. Anayemfahamu Mchaga na safari yake ya Moshi kila Disemba hahitaji maelezo zaidi. Veryl Switzer, aliyezaliwa hapa mwaka 1932 na kuichezea Green Bay Packers katika ligi kuu ya mpira wa Kimarekani, alibaki na shamba lake hapa mpaka uzeeni, ingawa kazi yake ilikuwa chuo kikuu cha jimbo.

Mwaka 1996 Bunge la Marekani lilikifanya kijiji kuwa Eneo la Kihistoria la Taifa, na ukumbi wa kata sasa ni kituo cha wageni chini ya Idara ya Hifadhi za Taifa. Napenda kwamba hakikugeuzwa kuwa jumba la makumbusho tu. Chama cha Wakulima Weusi wa Kansas, chenye mizizi hapa, kimejaribu kutafuta mazao yenye bei kuliko ngano ya kawaida, na mojawapo ni tefu, nafaka ile ndogo ya Ethiopia inayopikwa injera, ambayo huvumilia ukame na ina wanunuzi katika miji ya Marekani yenye Waethiopia na Waeritrea wengi. Sioni kama tefu pekee itawarudisha vijana, kwani bei ya trekta na ya ardhi haiwasubiri. Lakini ndugu mnaoishi Marekani mnaotaka kuona, njooni wikendi ya mwisho ya Julai, tafuteni malazi mapema Hill City au Stockton kwa kuwa hapa hakuna hoteli, na jazeni mafuta kabla ya kuingia barabara namba 24.