Mjane na Wosia wa Marehemu Mumewe katika Uingereza ya Malkia Victoria

Wakubwa zangu shikamooni, na wengine wote habari za jioni.

Tunapozungumzia mirathi ya Uingereza enzi za Malkia Victoria, yaani 1837 hadi 1901, wengi hukimbilia kesi za makabaila na majumba yao. Leo nataka tumfuate mjane wa kawaida: mke wa mwenye duka mjini York, mwaka 1865. Simpi jina kwa sababu ni mfano. Lakini kila kitakachomkuta ni sheria au kanuni iliyokuwa ikitumika.

Wiki moja kabla ya msiba, mama huyu hakuwa na chake. Fedha alizokuja nazo siku ya harusi zilikuwa zimekuwa za mume. Alichokipata kwa kushona nguo za watu kilikuwa cha mume. Hakuweza kumshtaki mdaiwa kwa jina lake mwenyewe, wala kuandika wosia kama mumewe hajaridhia. Mume anakata roho, na sheria ileile inamgeukia: wewe ndiye uliyetajwa kuwa mtekelezaji wa wosia, njoo uape, kusanya mali, lipa madeni, na ukitapanya utalipa wewe. Ndiyo kusema, tangu aolewe, siku ya kwanza ambayo sheria inamhesabu kuwa mtu mzima mwenye kauli ni siku aliyofiwa. Hilo ndilo linalonifanya nizirudie nyaraka hizi mara kwa mara.

Aende wapi? Angefiwa miaka kumi nyuma, angekwenda mahakama ya kanisa, kwa kuwa wosia ulikuwa mambo ya maaskofu, na mahakama hizo zilikuwa zaidi ya mia mbili, kila moja na mipaka yake. Sheria ya 1857 ikayafuta hayo. Kuanzia Januari 1858 kukawa na Mahakama ya Mirathi ya serikali, na masjala kuu London na masjala za wilaya katika miji mingine. York ilikuwa na yake. Lakini asiende mbio, kwani kibali cha kutekeleza wosia hakikutolewa kabla ya siku saba kupita tangu kifo.

Sasa tuiangalie hiyo karatasi aliyoishika. Sheria ya Wosia ya 1837 ilitaka mambo yanayosikika mepesi: wosia uwe umeandikwa, mwenyewe atie sahihi mwishoni mwake, mashahidi wawili wawe pamoja naye wakati uleule, nao watie sahihi mbele yake. Ugumu ulikuwa kwenye kutekeleza. Neno "mwishoni" peke yake liliangusha wosia nyingi, kwa sababu mtu aliacha nafasi tupu kati ya maneno ya mwisho na sahihi, na majaji wakasema hapo si mwisho. Ilibidi Bunge litunge sheria nyingine mwaka 1852 kulegeza jambo hilo.

Na karani wa masjala hakusoma maneno tu. Aliikagua karatasi yenyewe. Akiona neno limefutwa au limeongezwa pembeni, alitaka kiapo cha kueleza lilifutwa lini. Akiona alama ya lakiri, au dalili yoyote kwamba kuna karatasi iliwahi kubandikwa hapo, mjane alitakiwa aeleze ilikuwa karatasi gani na iko wapi. Kama maelezo ya namna mashahidi walivyoshuhudia hayakuandikwa chini ya wosia, ilimlazimu atafute angalau shahidi mmoja aje kuapa. Fikirieni sahihi ziliwekwa miaka kumi na tano iliyopita: shahidi mmoja amekufa, mwingine alikuwa kijana wa dukani aliyehamia Liverpool. Mama ana msiba mpya na nguo nyeusi mwilini, na kazi yake ya kwanza ni kumsaka kijana wa dukani.

Kuna mtego mmoja ambao mimi nauona mkatili kuliko yote. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Wosia ya 1837 kilisema shahidi wa wosia, au mume au mke wa shahidi, hapati chochote alichoachiwa humo. Mgonjwa yuko kitandani, jirani mmoja amefika, wa pili amechelewa, mke anaitwa haraka kutia sahihi. Anatia, kwa nia njema kabisa. Wosia unabaki halali, watoto wanapata fungu lao, yeye aliyekesha na mgonjwa anakosa. Na angeweza bado kuwa mtekelezaji: kugawia wengine mali ambayo yeye hana sehemu ndani yake.

Tuseme wosia alioushika mjane wetu uko salama. Anashika Agano Jipya, anaapa kwamba huu ndio wosia wa kweli na wa mwisho wa marehemu, kwamba atalipa madeni na kugawa mali kama ilivyoandikwa, kisha anabusu kitabu. Asiyejua kuandika aliweka alama ya msalaba. Anataja pia thamani ya mali, tena kwa daraja: "chini ya pauni 200," "chini ya pauni 450." Mpaka 1881 ilikuwa hivyo, ndiyo maana wanaotafuta mababu zao katika orodha za wosia za miaka hiyo hawapati tarakimu kamili. Wosia wenyewe unabaki masjala. Yeye anaondoka na nakala iliyoandikwa kwenye ngozi yenye muhuri wa mahakama. Bila nakala hiyo benki haitoi fedha, na mdaiwa mkaidi hashtakiki.

Lakini ndani ya wosia kumeandikwa nini? Mume wa wakati ule alikuwa huru kumnyima mkewe kila kitu. Hata haki ya kale ya mjane kupata theluthi ya ardhi iliwekwa mikononi mwa mume kwa sheria ya 1833, aifute akitaka. Wengi hawakunyima moja kwa moja. Waliandika kwamba mke atumie nyumba na samani "muda wote atakaobaki mjane wangu." Akiolewa tena, vyote vinakwenda kwa watoto. Na hata pasipo sharti hilo, fedha alizorithi zilimfuata mume mpya.

Watoto nao. Baba aliweza kwa wosia kuteua mlezi wa watoto wake baada ya kufa kwake, na mama hakuwa na kauli juu ya mlezi huyo. Mpaka 1886 ndipo mama alipofanywa mlezi pamoja na aliyeteuliwa. Kwa hiyo mjane wetu wa 1865 anasomewa wosia bila kujua kama watoto aliowazaa atawalea kwa uamuzi wake au wa shemeji yake.

Kwenye kodi ya urithi alipumua: mke wa ndoa hakulipa. Kaka na dada wa marehemu walilipa asilimia 3, asiye na nasaba naye asilimia 10. Mwanamke aliyeishi na mtu miaka ishirini bila ndoa alihesabiwa katika hao wa 10.

Mwaka huohuo wa 1865, Waingereza waliiandikia India Sheria ya Mirathi. Kifungu chake cha 4 kinasema hakuna atakayepata haki yoyote katika mali ya mwenzake kwa sababu ya kufunga naye ndoa. Wanasheria mliomo humu mnaifahamu, kwa kuwa ilivuka bahari ikaja kwetu, na Tanzania Bara bado inatumika kwa baadhi ya mirathi. Waliokuwa chini ya sheria hiyo walipewa kanuni hiyo tangu Januari 1866. Mjane wetu wa York, kama angeolewa tena mwaka huo, fedha zake zingekuwa za mume. Bunge la nchi yake liliwapa wake wa Kiingereza haki ya kubaki na mali yao kwa ukamilifu kwa sheria ya 1882, iliyoanza kazi tarehe 1 Januari 1883.

Ahsanteni. Sasa tuanze maswali.