Mimi na maji moto

Assalaam alaykum, na habari za jioni. Wazee wangu, kina mama, walimu wenzangu, na nyinyi vijana wa kidato cha sita mliojibana huko nyuma karibu na mlango.

Niliambiwa nichague ugunduzi mmoja wa kisayansi ninaoupenda. Najua mlitegemea penisilini, au umeme, au safari ya mwezini. Mimi nimekuja na wadudu. Tena si wa mbali, ni maji moto, jamaa wa sisimizi wanaokaa mitini, hawa hawa wanaokushukia shingoni ukipita chini ya mkorosho mpaka unavua shati mbele za wakwe. (Kicheko.) Cheka, lakini kuna korosho ulizouza ambazo bila wao zingekauka mtini.

Twende kwanza Unguja, miaka ya mwanzo ya 1950. Minazi ilikuwa inapukutisha vidaka. Mnazi mmoja umebeba vizuri, wa jirani yake hauna kitu, na udongo ni ule ule, mvua ile ile. Mwingereza mmoja, mtaalamu wa wadudu, Michael Way, akaufuatilia mkasa huo. Mharibifu alikuwa mdudu wa kahawia, mwembamba, anayechoma kidaka na kunyonya. Mate yake ni sumu, kwa hiyo hahitaji wenzake wengi, wachache tu wanatosha kuumaliza mnazi. Mwaka 1955 mdudu huyo akapewa jina la kisayansi, Pseudotheraptus wayi, kwa heshima ya Way. Heshima ya ajabu, jina lako kupewa mwizi wa nazi.

Sasa, minazi iliyobeba ilikuwa na maji moto. Hilo peke yake si jipya sana. Kuna kitabu cha Kichina cha mwaka 304 kinachoeleza viota vya jamaa zao vikiuzwa sokoni ili vitundikwe kwenye michungwa. Kilichonifanya niipende kazi ya Way ni swali lililofuata: kama maji moto ni walinzi wazuri hivyo, mbona hawapo kwenye kila mnazi?

Jibu lilikuwa chini, kwenye shina. Kuna sisimizi wadogo wa kahawia wanaokaa ardhini. Wengi wao ni wadogo kabisa, ila wana askari wenye vichwa vikubwa kupita kiasi. Wanasayansi wanawaita Pheidole megacephala. Hawa hawapatani na maji moto hata kidogo. Wanapanda mti, wanapigana, wanawatimua, kisha wanakaa wao. Na wakishakaa, yule mnyonyaji hawamsumbui. Kwa hiyo mnazi unapata au unakosa kwa sababu ya vita inayopiganwa miguuni pako, wewe umeinua shingo unatafuta ugonjwa kwenye makuti! Mimi hapo ndipo ninapovua kofia. Wengi wetu tungeishia kwenye mdudu mharibifu na kuuliza dawa yake inauzwa wapi.

Kabla sijafika kwenye mikorosho, naomba vijana mnisikilize kidogo kuhusu kile kiota. Mmekiona, kimefungwa kwa majani mabichi. Nenda asubuhi ukakitazame kikijengwa. Wanajipanga kwenye ukingo wa jani, wanavuta jani la pili lisogee. Likiwa mbali, mmoja anamshika mwenzake kiunoni kwa meno, naye anashikwa na mwingine, mpaka unapatikana mnyororo unaofika ng'ambo. Wote wanavuta. Majani yakishakutana, anatoka mmoja amembeba mtoto mdomoni, yaani funza wa maji moto. Wakubwa hawana uzi, mwenye uzi ni mtoto. Basi anamgusisha jani hili, anampeleka jani lile, huku na huku, kama fundi na sindano yake, mpaka mshono mweupe unaziba pengo. Kundi moja linaweza kuwa na viota vingi kwenye miti kadhaa, na malkia anakaa kwenye kimoja tu.

Haya, turudi nyumbani. Mkorosho wetu una maadui wanaonyonya. Yupo mbu wa mikorosho, Helopeltis, ambaye machipukizi aliyoyapitia yanakauka utadhani yamepitiwa na moto. Na yupo yule yule wa Unguja, wa minazi, anayeziharibu korosho changa zikabaki na madoa meusi yaliyobonyea. Watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, hapa hapa Mtwara, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wa Denmark, walilipima jambo hili shambani katika muongo wa 2010. Mikorosho yenye maji moto wa kutosha ilishambuliwa kidogo kuliko isiyo nao. Kule Darwin, Australia, walishaanza kuwatumia jamaa zao kwenye mikorosho tangu miaka ya 1990.

Nisiwadanganye, maji moto hawana la kufanya kwa ubwiri unga. Ule ni ukungu, na salfa yako bado utaihitaji. Dawa za kuua wadudu ni habari nyingine, maana ukipuliza unamuua mbu wa mikorosho pamoja na mlinzi wake, na anayewahi kurudi mara nyingi si mlinzi.

Halafu kuna suala la palizi, ambalo najua litaleta ubishi. Utafiti uliofanyika nchini kwetu na kuchapishwa 2011 ulionyesha kwamba shamba likiachiwa majani chini, wale sisimizi wa kahawia wanatulia huko huko ardhini na maji moto wanapata nafasi ya kukaa mtini. Ukilisafisha likawa jeupe, sisimizi wanahamia juu. Lakini korosho sisi tunaiokota chini! Utaiokotaje kwenye majani? Mimi kwa maoni yangu, acha majani wakati wa maua, fyeka msimu wa kuokota unapokaribia. Mwenye shamba atapima mwenyewe.

(Swali kutoka kwa mama mmoja: wanavyouma, tutafanyaje kazi?)

Ahsante, mama. Wanauma, sikatai. Hawana mwiba, wanang'ata halafu wanamwagia tindikali pale walipong'ata. Ila afadhali kwenye korosho kuliko kwenye embe, maana hupandi mtini, bibo linaanguka lenyewe. Ukilazimika kupanda, jipake majivu mikononi na miguuni.

Na anayetaka kuwahamisha, asichanganye makundi. Kata viota jioni, uvitie kwenye mfuko, ufunge upesi. Kabla ya kuvitundika kwenye mti mmoja, chukua maji moto wachache wa kiota hiki, waweke kwenye kile. Wakipokelewa, ni ndugu, tundika. Wakishikana meno, hao ni kundi jingine, watafutie mti wao mbali kidogo. Kisha funga kamba kutoka mkorosho hadi mkorosho, wapite juu kwa juu bila kukanyaga chini.