Namba Ndogo Isiyotaka Kushuka

Mabibi na mabwana, wauguzi na maafisa wa kliniki mliotoka Ahero, Siaya na hata Busia, karibuni Kisumu. Nimeshika kipimo cha mimba, hiki cha mkojo. Mistari miwili, ana mimba, mmoja, hana. Tunakiamini kupita kiasi.

Ndani yake mna kingamwili, yaani protini zinazonasa kitu maalumu, za aina mbili, na mstari wa pili hutokea pale zote mbili zinapoishika chembe moja ya hCG, homoni ya mimba. Mmewahi kuona magunia ya omena pale Dunga? Gunia moja, watu wawili, kila mmoja upande wake. Magunia yakijaa ufuo mzima na kila mtu akang'ang'ania la kwake, hakuna litakaloinuka. Kwenye mimba zabibu, ile ambayo kondo huota vibaya kama vishada vya zabibu, homoni inaweza kuwa nyingi kiasi hicho. Tumbo kubwa, anatapika, anavuja damu, na kipimo kinasema hana mimba! Usimrudishe nyumbani. Chukua tone moja la mkojo kwa matone tisa ya maji, pima tena. Likishindikana, zidisha maji.

Hayo ni ya wingi. Kilichonileta hasa ni uchache.

Seli za kondo la nyuma si za aina moja. Koriokasinoma, saratani ya seli hizo, humwaga hCG, aghalabu kwa maelfu na malaki, na hakuna daktari asiyeshtuka. Lakini kuna seli zinazochimba ukuta wa kizazi pale kondo lilipojishikiza. Uvimbe wake ni nadra sana. Ulielezwa mwaka 1976, na jina linalotumika leo, "placental site trophoblastic tumour", lilikuja 1981. Huo hutoa hCG kidogo, mara nyingi chini ya 1,000. Tuseme mama alijifungua salama, mtoto ameshaanza kutembea, na yeye bado anavuja damu. Hana mimba. Maabara inasema 60. Baada ya wiki, 64. Kisha 71. Nasi tunasema, "Ni kidogo tu, itashuka."

Itashukaje? Chanzo kikiondoka, homoni hii mwanzoni hupungua nusu kila baada ya siku moja au mbili hivi. Iking'ang'ania, kuna kinachoitengeneza.

Au kipimo kinadanganya. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani waliripoti wanawake 12 walioambiwa wana saratani, wengi wao wakapasuliwa au kupewa dawa zake, kwa sababu ya hCG ambayo haikuwepo: kingamwili za damu yao wenyewe zilikuwa zimekihadaa kipimo. Kingamwili hizo ni kubwa, kwa kawaida hazipiti kwenye figo. Kwa hiyo damu ikisema ipo na mkojo ukasema haipo, simama kwanza. Ila namba ikiwa ndogo sana, mkojo wa kawaida hautaiona hata kama ni ya kweli. Hapo maabara irudie kwa mashine ya kampuni nyingine.

Ikithibitika, ulizia beta. hCG ni nyuzi mbili, alfa na beta, na katika uvimbe huu sehemu kubwa ya beta huelea peke yake. Ni dokezo tu. Koriokasinoma tunaweza kuitibu kwa kufuata homoni bila kukata kinyama cha kupima maabara, na tangu 1956, madaktari Min Chiu Li na Roy Hertz wa Marekani walipotumia dawa ya methotreksati, imekuwa ikipona. Huu wa pili ni mkaidi kwa dawa. Ukiwa bado ndani ya kizazi, tiba kuu ni kukitoa. Nani atamtoa kizazi mama wa miaka 28 kwa namba pekee? Lazima kinyama kipatikane na mtaalamu akipake rangi kutafuta laktojeni ya kondo, homoni nyingine ya seli hizo.

(Sista mmoja kutoka Siaya aliinua mkono: "Daktari, na huyu wa mimba zabibu tunayemfuatilia kila wiki, akitaka mtoto mwingine?")

Asubiri, Sista. Akishika mimba leo, hCG itapanda na hatutajua ni ya mtoto au ya ugonjwa. Mpe sindano ya uzazi wa mpango siku hiyohiyo, na tarehe uiandike kwenye daftari lake, kando ya namba.