Kengele Mbili: Miaka ya Mwisho ya Routemaster Mjini London

Naomba kwanza mnyooshe mikono. Nani humu ndani amewahi kudandia gari likiwa mwendoni? Naam. Naona hata mzee wa mstari wa mbele ameunyoosha wake, na mama aliye kando yake anamkata jicho. Asanteni, shusheni.

Basi ninalotaka kuwasimulia jioni hii liliundwa lidandiwe. Ni lile basi jekundu la ghorofa, Routemaster kwa jina, na nyuma, upande wa kushoto, halikuwa na mlango. Palikuwa na kibaraza, nguzo ya kushikia, na ngazi ya kwendea juu. Likikwama kwenye foleni ya Oxford Street, unashuka zako. Likiondoka nawe umechelewa, unakimbia hatua tatu, unashika nguzo, umo. Watu wa London walilipanda hivyo tangu 1956 hadi Ijumaa ya tarehe 9 Desemba 2005. Mimi nataka ile miaka michache ya mwisho: kwa nini gari lililokuwa bado linatembea vizuri liliondolewa barabarani. Jibu langu nalitoa mapema, kabla hamjaanza kusinzia. Uzee haukuliua. Liliuawa na mshahara wa mtu wa pili.

Lakini tulijue gari lenyewe. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, shirika la usafiri la London lilitiwa katika kazi ya kuunda ndege za Halifax, na mafundi wa mabasi wakajikuta wanashona mabati ya alumini. Vita vilipokwisha, ujuzi ukabaki mikononi. Walipoketi kubuni basi jipya, wakatengeneza gari lisilo na chesesi ya kawaida: hapakuwa na fremu ya chuma chini, bodi yenyewe ndiyo iliyobeba mzigo. Basi lililotangulia, RT, lilikuwa na viti 56. Hili likawa na 64, na uzito haukuongezeka. Usukani wa pawa, giaboksi otomatiki, kila gurudumu la mbele na springi yake. Gari la kwanza la mfano lilionyeshwa Earl's Court, ukumbi wa maonyesho wa London, mwaka 1954! Wapo humu waliofunzwa udereva miaka thelathini baadaye kwenye lori ambalo usukani wake ulitaka mabega ya mpiga makasia.

Viwanda vya AEC na Park Royal viliendelea kuyatoa hadi 1968, jumla yake 2,876. Na yalitengenezwa ili yafunguliwe. Kila baada ya miaka michache basi lilipelekwa Aldenham, karakana kubwa nje kidogo ya London, likainuliwa bodi yake kama kifuniko cha sufuria. Mitambo ikaenda huku, bodi ikaenda kule, kila kimoja kikashughulikiwa kwa zamu yake. Mwishoni, bodi iliyo tayari ilishushwa juu ya mitambo iliyo tayari, hata kama hazikuingia pamoja. Karatasi zikaandika namba, na namba ikawa basi. Kwa hiyo ukimkuta mpenzi wa mabasi anajigamba kwamba gari lake ni la 1961, mwulize kwa upole: sehemu ipi?

Ndiyo maana nasema halikufa kwa uzee. Gari la namna hiyo halizeeki kama magari mengine.

Sasa mtu wa pili. Dereva wa Routemaster alikaa peke yake kwenye kijumba kando ya injini, mgongo kwa abiria na kioo katikati. Hakukata tiketi, hakujibu maswali, hakugombana na mlevi. Gari lilikuwa mikononi mwa kondakta, na wawili hao walizungumza kwa kengele. Moja: simama kituo kinachofuata. Mbili: twende. Tatu: tumejaa, pita. Kifuani kondakta alining'iniza mashine ya tiketi iitwayo Gibson, anazungusha mkono wake, karatasi inatoka. Na kuanzia 1956 shirika lilikwenda kuajiri watu huko huko Barbados, baadaye Trinidad na Jamaica, kwa kuwa Waingereza wenyewe walikuwa wakizikimbia kazi hizo. Vizazi vya abiria wa London walisikia "shikilia vizuri" kwa lafudhi ya visiwani.

Mimi nilipanda basi la njia namba 73 mwaka 2003, kutoka Victoria kwenda King's Cross. Kondakta alikuwa mama wa makamo. Akaniona nimeduwaa na begi kubwa, akalichukua bila kuniuliza, akalisukuma kwenye uwazi ulio chini ya ngazi. Uwazi huo nao ulibuniwa makusudi kwa mizigo. Njia nzima alikuwa anajua nani ashuke wapi. Kwetu tungemwita makanga, ila huyu hakumtusi mtu.

Wakubwa wa usafiri walianza kumpigia hesabu mtu huyu mapema sana. Mwaka 1966 sheria ya Uingereza iliruhusu basi la ghorofa liendeshwe na mtu mmoja, dereva akate tiketi mwenyewe. London ikanunua mabasi mapya ya aina hiyo, yakaanza kazi 1971, na hao ndio waliotarajiwa kumrithi Routemaster. Yakasumbua. Yakasimama vituoni muda mrefu huku abiria wakihesabu chenji mbele ya dereva. Kufikia mwanzoni mwa 1983 mengi ya hayo mapya yalikuwa yamekwisha kuondolewa kazini na shirika, na mzee bado yupo barabarani.

Kuna kipande hapa kinachotuhusu. Mwaka 1986 biashara ya mabasi nje ya London ilifunguliwa huria, na Routemaster zilizokuwa zimeanza kupunguzwa London tangu 1982 zikanunuliwa na makampuni yaliyokuwa yakipigania abiria. Mojawapo ni Stagecoach ya Uskoti, iliyozitumia Perth na Glasgow: kwenye vita vya vituoni, basi linaloondoka upesi ndilo linalopata nauli. Stagecoach hao hao walinunua sehemu kubwa ya Kenya Bus Service mwaka 1991, wakakaa nayo hadi 1998. Kwa hiyo mliopanda basi la ghorofa la KBS Nairobi miaka ile, mlikuwa ndugu wa mbali wa abiria wa namba 15 ya London, ambayo kampuni hiyo iliichukua 1994. Si Routemaster lile la Nairobi, msije mkaondoka hapa mkisema nimesema. Mwenye mali tu ndiye mmoja.

Miaka ya 1990 Routemaster zilizobaki zikapewa injini mpya za Cummins, Iveco na Scania, na viti vikavalishwa upya. Halafu, mwaka 2000, Ken Livingstone akachaguliwa meya. Alikuwa amelisifu basi hili hadharani na kuwatolea maneno makali waliotaka kuliondoa. Akafanya jambo ambalo halikutarajiwa: akanunua tena makumi ya Routemaster zilizokwisha kuuzwa, zikafufuliwa, zikarudishwa kazini. Wapenzi wa mabasi wakalala usingizi mzuri.

Hazikupita siku nyingi. Mwaka 2003 kadi ya kulipia nauli, Oyster, iliingia, na mwaka huo huo ikaanzishwa kanuni kwamba katikati ya mji unalipa kabla ya kupanda. Angalieni kilichotokea hapo. Hoja kubwa ya kumweka kondakta ilikuwa kwamba bila yeye foleni inakwama mlangoni. Kadi ikaondoa foleni. Kondakta akabaki na kazi ya kusaidia watu, kuwaangalia na kuwaelekeza, na kazi hizo hazina mstari kwenye zabuni za kuendesha njia za mabasi.

Kila mkataba wa njia ulipokwisha, mkataba mpya ulidai mabasi yenye sakafu iliyo karibu na ardhi, yanayopandika bila ngazi mlangoni. Njia zilikuwa kama 20, zikaanza kudondoka moja moja. Namba 15 na 11 mwaka 2003. Namba 73 yangu Septemba 2004, ikapewa mabasi marefu yaliyounganishwa katikati kwa mpira unaojikunja kama kodiani ya taarab. Namba 36 Januari 2005, 19 Aprili, 14 na 22 Julai, 13 na 38 Oktoba. Ikabaki 159.

Mtaniuliza habari ya walemavu, na mna haki. Mtu wa kiti cha magurudumu hakuweza kupanda Routemaster hata siku moja, wala mama mwenye kigari cha mtoto bila kukikunja. Wakati mimi natamba na nguzo na kibaraza, kuna mtu alikuwa kituoni analiangalia basi likipita, na ni kodi yake pia iliyoliendesha. Katika hili sina utetezi. Ila hesabu ya tarehe isemwe: sheria iliyapa mabasi ya ghorofa hadi mwanzo wa 2017 kutimiza masharti ya kuwabeba walemavu. London haikusubiri. Kiti cha magurudumu kilikuwa sababu ya kweli, na kilikuwa pia sababu nzuri ya kutangaza kuliko ile ya mshahara.

Siku ya mwisho, basi lililochaguliwa lilikuwa RM2217, namba ya juu kabisa katika zile za urefu wa kawaida. Liliondoka Marble Arch baada ya saa sita mchana. Watu walijaa barabarani hata polisi wakawa wanasukuma: Piccadilly Circus, Trafalgar Square, daraja la Westminster, Brixton. Ratiba ikasahauliwa. Likaingia gereji ya Brixton baada ya saa nane, limechelewa, na wapiga picha wamelizingira.

Waliwaachia watalii kidogo. Njia mbili fupi, sehemu ya 9 na ya 15, ziliendelea na Routemaster na makondakta wake, pamoja na mabasi ya kawaida. Ile ya 9 ilifungwa 2014. Ya 15 ilifika 2019, likaja gonjwa la korona, haikurudi tena. Na yale ya kodiani? Yaliondolewa yote kufikia mwisho wa 2011. Boris Johnson aliyashambulia kwenye kampeni, akashinda umeya 2008, akaagiza Routemaster jipya, na Februari 2012 likaanza kazi namba 38. Lina milango mitatu, ngazi mbili, na kibaraza cha nyuma kilichoachwa wazi mchana, na mtu wa pili amesimama hapo.

Mtu huyo hakukata tiketi. Alilinda kibaraza tu. Mwaka 2016 watu hao wakaondolewa wote, kwa sababu ya gharama. Mlango wa nyuma ukawa unafungwa safarini. Nguzo ya kushikia bado ipo pale pale, nyuma ya kioo.

Naona mikono. Mzee wa kudandia, tuanze na wewe.