Kuchanganya chakula cha nguruwe kwa mashudu ya alizeti

Karibu, mfugaji. Leo tunachanganya kilo 100 za chakula cha nguruwe wanaokua, wale wa kilo 30 hadi 60.

Anza kwa kukagua mashudu, yaani masalia ya mbegu zilizokamuliwa mafuta. Yale ya viwanda vidogo vya mafuta, kama vya Lira nchini Uganda, mara nyingi hukamuliwa pamoja na maganda. Vunja kipande hivi, unuse. Kikinuka mafuta yaliyochacha, au ukiona ukungu ndani, kiache. Ukungu huleta sumu ya aflatoksini, na kuanika juani hakuiondoi.

Sasa pima: pumba za mahindi kilo 65 na nusu, mashudu 20, soya iliyokaangwa 10, mukene (dagaa wakavu) 2, chokaa ya mifugo moja na nusu, chumvi nusu, premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) nusu. Protini inafika kama asilimia 16.

Mbona mashudu yasiwe 40, maana ndiyo rahisi? Maganda hujaza tumbo bila kumpa nguruwe nguvu, halafu alizeti ina lysini kidogo, ile sehemu ya protini anayohitaji nguruwe ili akue. Lysini ikipungua, nguruwe anakula vizuri tu lakini hakui. Pengo hilo linazibwa na soya na mukene.

Soya usiisage mbichi, ina vizuizi vinavyokwamisha usagaji wa protini tumboni. Kaanga kwa moto wa wastani ukikoroga muda wote hadi iwe kahawia hafifu. Tafuna punje moja: ladha ya ubichi ikiwa bado ipo, endelea. Ikiungua, lysini imeharibika.

Mukene nao huanikwa mchangani. Tia kiganja kimoja kwenye glasi ya maji, koroga, subiri. Mchanga unaozama chini, umeulipia bei ya samaki!

Saga mashudu, soya na mukene. Chumvi, chokaa na premiksi changanya kwanza na kilo 3 za pumba, ndipo umwage kwenye rundo. Ukivitupa moja kwa moja, nguruwe mmoja atapata chumvi yote, na maji yakikosekana chumvi hiyo inaua. Geuza rundo kwa sepetu mara nne au tano, hadi rangi ifanane.

Ukikosa alizeti, mashudu ya pamba yasizidi kilo 10, na watoto wa nguruwe na majike wenye mimba usiwape kabisa. Gosipoli, sumu iliyomo kwenye pamba, hujikusanya mwilini wiki kadhaa. Nguruwe anaanza kuhema, kisha anaanguka ghafla.

Chakula kipya kiingize polepole kwa siku 7, ukipunguza cha zamani.