Selimundu: Kazi Inayoanzia Mikononi mwa Mzazi

Ndugu zangu, selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, ikitajwa, wengi huwaza upandikizaji wa uloto wa mifupa na dawa za bei ya kutisha. Mimi leo nazungumzia vidole.

Mlaze mtoto chali. Pitisha vidole taratibu chini ya mbavu za kushoto. Bandama ya mtoto mwenye selimundu huweza kunasa damu ghafla ikavimba ndani ya saa chache; mtoto anapauka, anahema, na asipowahi kuongezewa damu anaweza kufa. Huko Jamaika wazazi walifundishwa kuipapasa na kukimbilia hospitali wakiona imekua, na vifo vya namna hiyo vikashuka sana.

Ila utampapasa nani kama hujui nani anaumwa? Hapo ndipo serikali zinapopaswa kubanwa. Tone la damu ya kisigino, siku za mwanzo, linatosha kuanza uchunguzi. Kila mwaka watoto zaidi ya 300,000 huzaliwa na ugonjwa huu, wengi wao Afrika kusini mwa Sahara, na wengi huzikwa kabla hata haujatajwa jina. Anayejulikana mapema hupewa pensilini mara mbili kwa siku hadi miaka mitano. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1986 ulionesha kuwa dawa hiyo ilipunguza maambukizi makali ya bakteria aitwaye nimokoka kwa asilimia 84. Pensilini, jamani! Dawa ya tangu enzi za babu zetu.

Sasa la ndoa, na najua baadhi yenu mtanuna. Selimundu haitoki kwa mama peke yake; baba naye huchangia. Anayemfukuza mkewe kwa "damu mbaya" ajifukuze na yeye. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji wa kinasaba cha selimundu, yaani wanacho kimoja bila wao kuwa wagonjwa, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuleta mtoto mgonjwa. Kila mimba, narudia. Kupata mgonjwa mmoja si dhamana kwamba watatu wanaofuata watakuwa wazima. Kupima kabla ya ndoa ni vizuri, mradi majibu yasigeuzwe umbea. Watu wakiona mwenzao ameaibishwa, nani atapima tena?

Walimu, mtoto huyu aachwe anywe maji darasani, na ruhusa ya msalani asiiombe mara tatu. Kumkimbiza juani kama adhabu ni kumwitia maumivu.

Muuguzi ameshaandaa mwanasesere pale mezani, atatuonesha bandama inavyopapaswa. Kina baba, mbona mnarudi nyuma? Sogeeni, nanyi mna vidole.